Gari umeliunga mwenyewe gereji, sasa linaingiaje barabarani? Habari za IVA, namba ya Q na kopo la risiti

Kila baada ya miezi kadhaa inazunguka WhatsApp ile video, kijana kaunga gari lake uani, bodi la mabati, injini ya pikipiki, watoto wanalikimbilia nyuma, watu wanashangilia, halafu komenti ya tatu ya nne lazima mtu aulize "sasa hilo trafiki watamwachia?" na hapo unaanza ugomvi, wa huku wanasema serikali inaua vipaji, wa kule wanasema hilo likikatika stelingi barabara kuu nani atalipa. Wote wana point. Ila mimi swali ambalo huwa naliona halijibiwi ni hili dogo tu, mtu akitaka kulihalalisha kweli gari lake anapimwa nini, na nani, na kwa vigezo vipi?

Naishi Uingereza, na hapa jibu lipo, limeandikwa, refu kama Juzuu Amma. Nimelijua kwa shida manake shemeji yangu, mume wa dada, aliunga gari gereji kwake na mimi nikawa mshika tochi kwa karibu miaka miwili. Kwa hiyo nitaeleza ya Uingereza, usije ukaenda nayo kwa trafiki wa Ubungo ukamwambia mtandaoni wamesema.

Kwanza jina. Wenyewe wanaita kit car, maana unanunua seti ya vipande unaunga mwenyewe, ila ukiliandika kiswahili linakuwa "gari la kiti" na hapo tumeshapotea, tuite gari la kuunga.

Haya magari Uingereza yana historia na chanzo chake si ufundi hata kidogo, ni kukwepa kodi. Lotus Seven ya Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, ilitoka 1957, kigari kidogo cha wazi, chepesi, pua ndefu, hakina hata milango ya maana. Enzi hizo gari zima lilikuwa na kodi ya manunuzi lakini vipande vya gari havikuwa nayo, basi Lotus wakakuuzia vipande ukaunge nyumbani. Sheria ikasema ukiweka na maelekezo ya kuunga basi hilo ni gari, kodi ilipwe. Inasimuliwa kwamba Lotus wakaweka maelekezo ya *kulifungua*, mteja akayafuata kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nimecheka sana siku naisikia hii, ni akili ya mtu wa Kariakoo kabisa. 1973 ikaja VAT ule mwanya ukazibwa, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham wakachukua haki za kulitengeneza Seven na wanalitengeneza mpaka leo. Kodi ilikufa ila ule ugonjwa wa kuunga gari nyumbani haukufa, wazee wa kizungu wana magereji huko nyuma ya nyumba wake zao hawajaegesha gari humo tangu enzi za Thatcher.

Kwa muda mrefu kulihalalisha ilikuwa mteremko. Ilipofika 1998 ndo ukaja ukaguzi rasmi wa gari mojamoja, ukiitwa SVA, na 2009 ukabadilishwa ukawa huu wa sasa, IVA, mgumu zaidi. Wazo lenyewe ni jepesi tu. Toyota akitoa modeli mpya anapeleka sampuli, zinagongeshwa ukutani, zinapimwa kila kitu, ikipita basi zote zinazofanana nayo zimepita. Wewe una gari moja tu na hutaki ligongeshwe ukutani, kwa hiyo mtu anakuja na tochi na vipimo analikagua hilohilo moja, kipande kwa kipande, siku karibu nzima.

Sasa hapa ndo pa kuelewa kabla hujanunua hata bolti, na ndo watu wengi wanapojikwaa. Kuna milango MIWILI na wenye milango ni ofisi mbili tofauti. Mlango wa kwanza ni DVSA, hawa ndo wanaokagua chuma, swali lao gari hili ni salama? Mlango wa pili ni DVLA, wako Swansea kule Wales, hawa hawajali breki zako, swali lao ni hili gari ni NANI? Lina umri gani, limezaliwa na nani, vipande vyake vimetoka kwenye gari gani, na una ushahidi? Unaweza ukapita wa kwanza kwa shangwe ukakwama wa pili miezi. Shem yeye akili yake yote ilikuwa mlango wa kwanza, usiku kucha anaangalia video za breki, na risiti anazitupa kwenye buti la gari la dada zinachanganyikana na za supamaketi ya Tesco.

Tuanze na chuma.

Ada ya IVA kwa gari lililoungwa na mtu binafsi ni pauni 450, ukifeli kurudia ni pauni 90. Unajaza fomu, unatangaza kwamba gari umeliunga wewe kwa matumizi yako mwenyewe, sio biashara, unapangiwa siku na kituo. Kumbuka gari halina namba bado, ila sheria inaruhusu kuliendesha kwenda kwenye ukaguzi uliokwishapangiwa na kurudi, mradi una bima, na bima inakatwa kwa namba ya chesisi. Wengi hawathubutu, wanalipakia kwenye trela. Sisi trela.

Ungeniuliza siku ile asubuhi shem atafelishwa na nini ningekwambia breki au injini. Manake ndo mambo makubwa si ndio? Injini ilitoka kwenye Mazda MX-5 iliyopigwa ubavu, na giaboksi yake, na difu yake, na breki, vyote vilikuwa vinafanya kazi Mazda ilipovileta duniani na viliendelea kufanya kazi. Breki zilipanda rola zikapita. Moshi ukapita. Hapo kwenye moshi kuna kijisheria, injini inapimwa kwa viwango vya umri wake yenyewe, ila umri huo uwe na ushahidi, ukikosa wanaichukulia ni mpya na kuipima kwa viwango vya kisasa, na injini ya zamani hapo haitoki. Kelele nazo zikapita, kikomo ni desibeli 99, kipimo kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi huku injini inazungushwa kwa robo tatu ya mzunguko wa nguvu yake ya juu. 99 sio mchezo lakini ekzosi za hivi vigari zinatokea ubavuni zinanguruma, watu wanachomeka vizibo vya kupunguza sauti siku hiyohiyo.

Akafelishwa na nati.

Naomba nieleze hili taratibu maana ndo roho ya IVA yenyewe. Mkaguzi ana tufe, yaani kama mpira, la kipenyo cha milimita 100. Analipitisha nje ya gari, na popote ambapo lile tufe linagusa, ukingo wa hicho lilichokigusa uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Yaani wanajiuliza, mpita njia akigongwa au akikwaruzwa na hili gari, kuna kitu cha kumchana? Gari la kiwandani halina shida hiyo, bodi limefunika kila kitu. Lakini kigari cha aina ya Seven magurudumu ya mbele yako nje, mikono ya sasipensheni iko nje, shokapu ziko nje, na kila mkono una bolti na kila bolti ina nati na kila nati ina kona sita kali. Ukizihesabu unaweza kulia.

Ndani ya gari ni hivyohivyo, ila tufe ni kubwa zaidi, milimita 165, hilo ndo kichwa cha binadamu. Linazungushwa kote kichwa kinakoweza kufika mkigongana, na swichi, na bano za chuma chini ya dashibodi, na ukingo wa dashibodi, vyote viwe laini.

Kwa hiyo waungaji wa magari haya wana biashara nzima ya vifuniko. Vikofia vya plastiki vya kuvisha nati, utepe wa mpira wa kuvisha kingo, mita na mita. Tulivisha nati zote, au tulidhani zote, tukamaliza saa saba usiku. Mkaguzi, mzee mmoja mpole mwenye miwani imening'inia kifuani, akapiga magoti, akaingiza tufe nyuma ya gurudumu la kushoto, kimya kidogo, halafu akachukua kalamu.

"Nati?" shem akaniuliza kiswahili kwa sauti ya chini. "Yaani nati ndo imenifelisha?"

"Nati mbili shem."

Nati mbili, na bano moja chini ya dashibodi ambayo mimi mwenyewe niliishika mkono nikasema hii haina neno. Nakiri.

Kuna watu, na ni wengi, wanazungukia kona gari likishapita wanabandua ule utepe wote na vile vikofia kwa sababu vinaharibu sura. Ukaguzi wa kila mwaka huwa hauendi kwa undani ule kwa hiyo hawakamatwi. Mimi sipendi. Ile nati haikuwa kali siku ya mtihani tu. Lakini sitajifanya mtakatifu, gari lililovishwa mpira kila mahali linafanana na mtoto wa kizungu anayefundishwa kuendesha baiskeli.

Kitu cha tatu kilichomuangusha ni stelingi, na hiki bwana kinaangusha wengi. Ukikata kona halafu ukaulegeza usukani, unatakiwa ujirudishe katikati wenyewe. Gari la kawaida linafanya hivyo hujawahi hata kufikiria kwanini. Kwanini ni kwamba ule mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia umelazwa nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli, kwa hiyo gurudumu linaburutwa na kujinyoosha lenyewe, angalia magurudumu ya toroli la supamaketi utaelewa, na uzito wa gari nao unasaidia. Kigari cha shem hakina uzito huo, mbele kuko kama karatasi, usukani ukiuachia unabaki palepale umeulaza. Dawa yake ni kuulaza mhimili zaidi, kurekebisha uelekeo wa magurudumu na kuongeza upepo kwenye matairi. Tulirekebisha kwa kipimo cha kamba na rula, mara nne, tukizunguka maegesho ya duka moja lililofungwa siku ya Jumapili, hapana, hatukuruhusiwa.

Cha nne spidomita. Sheria inasema isisome chini ya mwendo halisi HATA KIDOGO, kusoma juu inaruhusiwa kwa kiasi, asilimia 10 na maili kama 6 hivi juu yake. Ukienda 60 na mshale ukasema 58 umefeli, ukisema 65 umepita. Inaeleweka, bora dereva adhani anakimbia kuliko kudhani anatembea. Shem alibadilisha saizi ya tairi akaweka kubwa zaidi ya zile za Mazda, tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, mshale hauna habari.

Mengine niyataje haraka kwa anayetaka kujaribu. Taa, vioo, mikanda na saiti mira viwe na ile alama ya herufi E na namba ndani ya duara, itazame hata kwenye taa ya gari lako hapo nje, namba inaonesha nchi iliyoidhinisha, 1 ni Ujerumani, 11 Uingereza, 43 Japani. Ukinunua taa nzuri ya bei poa mtandaoni isiyo na E umenunua pambo. Waya zifungwe angalau kila milimita 300 zisining'inie. Mhimili wa usukani uwe wa kukunjika ukigonga, usije kukuingia kifuani, na usukani wenyewe uwe na mto, ndo maana wenye vile visukani vidogo vya kimashindano wanaazimana usukani wa siku ya ukaguzi, upo mmoja umezunguka kaunti tatu. Breki ziwe na njia mbili, moja ikivuja nyingine inabaki, na taa ya kukuonya mafuta ya breki yakipungua. Na namba ya chesisi iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe.

Baada ya wiki kadhaa tukarudi, tukapita, tukapewa cheti cha IVA. Shem akakipiga picha akatuma kwenye group la familia, bibi akajibu "hongera umemaliza chuo."

Nikamwambia shem hapa tumefika nusu.

Mlango wa pili. DVLA wanataka kujua gari lako ni la mwaka gani, kwa sababu hapa namba ya gari ina mwaka ndani yake, na sheria yao ni hivi. Ukiunga kwa vipande vipya vyote, na risiti zipo, unapewa namba ya mwaka huu kama gari jipya, wanakuruhusu kitu kimoja tu kilichokarabatiwa nacho uthibitishe kimefanywa kama kipya. Ukiunga kwa chesisi mpya kutoka kwa mtengeneza seti, halafu ukachukua vitu vikubwa visivyopungua viwili kutoka gari moja la zamani, vitu vikubwa maana yake kama injini, giaboksi, ekseli, sasipensheni, stelingi, unapewa namba ya umri wa lile gari la zamani. Na kama gari halijulikani ni nani, injini ya huku, difu ya kule, karatasi hakuna, unapewa namba inayoanza na Q.

Q maana yake umri au asili ya gari haijulikani. Haikuzuii kuendesha. Ila inakufuata maisha yake yote, huwezi kuificha kwa kuweka namba binafsi, kampuni za bima nyingine zinaguna, na siku ya kuuza mnunuzi akiona Q anaanza kushusha bei kabla hujafungua mdomo. Pale kituo cha ukaguzi tulikutana na jamaa kaunga gari zuri kuliko la kwetu mara mia, rangi unajiona uso, na akapita mara ya kwanza, sisi tunakusanya nati zetu. Kumbe gari la kutolea vipande alilinunua bei ya kutupa kwenye yadi, halina kadi, akasema kadi ya nini nachukua injini tu. Huyo anaisubiri Q yake.

Shem aliponea chupuchupu. Siku tunanunua ile Mazda muuzaji alisema kadi ataituma kwa posta, shem akataka kuondoka, dada ndo akagoma kutoka garini kwenye mvua mpaka jamaa akaingia ndani akaitafuta. Ile kadi, wanaiita V5C, inarudishwa DVLA pamoja na maombi maana Mazda hiyo inakufa rasmi. Unaambatanisha fomu ya usajili na nyingine, V627/1, ya kueleza kila kipande kimetoka wapi, cheti cha IVA, picha za gari, risiti, na pauni 55 ya usajili, kodi ya barabara mbali.

Risiti sasa. Jumamosi nzima mimi, shem na dada tumekaa sakafuni tunachambua, hii nyanya na mkate, hii shokapu, hii sabuni ya unga, hii rejeta. Risiti za zile mashine za karatasi ya joto zilishafutika zimebaki nyeupe kama pepo, ilibidi aombe nakala kwa wauzaji mmoja mmoja. Kama unafikiria kuanza jambo hili basi risiti piga picha siku hiyohiyo, na ya karatasi weka kopo.

Nchi nyingine wana njia zao. Ujerumani unampelekea mhandisi wa TÜV, mashirika ya ukaguzi ya huko, au wenzao gari lako anakukagulia hilo moja na ni vizuri uwe umeongea naye kabla hujaunga sio baada. California wao kichwa kinawauma moshi zaidi, kila mwaka magari 500 ya kwanza ya kuungwa yanaruhusiwa kupimwa moshi kwa mwaka wa gari linalofanana nayo, ukiwahi unapata, ukichelewa subiri Januari. Na kwetu Afrika Mashariki wazo hili sio geni kama tunavyodhani, mabodi ya matatu na mabasi yanaungwa juu ya chesisi ya lori kila siku, na Kenya wana kiwango chake kabisa, KS 372, kinachosema bodi la abiria lijengweje. Yule kijana wa kwenye video anachokosa ni karatasi ya namna hiyo ya gari moja la mtu mmoja, imwambie kona ya nati iwe milimita ngapi. Kumpigia makofi na kumkamata vyote ni rahisi kuliko kumwandikia hiyo karatasi.

Bahasha ya Swansea ilikuja siku ya Jumatano, namba ya umri wa Mazda, sio Q. Ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka ndo unafuata kama gari lingine lolote. Kopo la risiti, lilikuwa la biskuti za Krismasi, liko juu ya kabati la jikoni, dada amelibandikia karatasi "SI BISKUTI", na vikofia kwenye nati bado vipo, vyote isipokuwa kimoja kilichodondoka kwenye tuta karibu na shule, shem alirudi kukitafuta kwa miguu akakikosa akaagiza pakiti ya hamsini.